Sifuri ya baridi au sifuri ya kufa?

Wakuu habari za masiku. Najua nimepotea hapa, mambo yaliingiliana, ila hiki kitu lazima nikiandike kabla sijakisahau maana kimenila siku mbili na usiku mmoja, na chanzo chenyewe ukikiona utacheka. Kinahusu kerneli ya Linux (ule moyo wa mfumo unaoendesha kompyuta) na zile testi zake za tresi, yaani za kuifuatilia kerneli inapita wapi ikiwa kazini. Nitajitahidi nisiongee kama mtambo, ila kuna sehemu haikwepeki, vumilieni.

Iko hivi. Mama mdogo ana friza mbili za sola Kibirizi, hapa Kigoma, anagandisha migebuka akisubiri mzigo ujae. Mwaka jana friza moja ilizima usiku na hakuna aliyejua mpaka harufu ndo ikatoa taarifa, hasara yake sitaki hata kuikumbuka. Basi mi kama kijana wa kompyuta wa ukoo (kila ukoo unaye mmoja, na akikaa vibaya anapewa mpaka redio atengeneze) nikamuundia kidude cha kupima joto, sensa inakaa ndani ya friza, waya unakuja kwenye kijibodi, kila dakika kinaandika joto na likipanda kinatuma meseji kwenye simu yake na yangu. Mwanzo niliweka Raspberry Pi, kile kikompyuta cha bodi moja, ikapiga kazi miezi mitatu bila kelele. Baadae Pi nikaihitaji kwingine, af mshkaji wangu wa Dar alikuwa na bodi ya RISC-V (aina nyingine ya prosesa) imelala tu kwenye droo, akanitumia kwa basi. Nikafunga sanduku jipya, nikalihamishia nje ukutani kwenye hewa, waya nikauunga ukafika kama mita nne hivi, nikarudi zangu Mwanga nimetulia.

Siku ya tatu simu ikaita.

"Mwanangu, hiki kidude chako kinaandika sifuri."

"Sifuri si mbaya mama, friza inapoa."

"Tangu jana mchana ni sifuri tu, haipandi haishuki. Sasa hiyo ni sifuri ya baridi au sifuri ya kufa?"

Nikakosa jibu. Kwa sababu programu niliiandika mwenyewe, na nilivyoikumbuka, sensa isipojibu inaandika 0. Yaani mi mwenyewe ndo nilizifanya sifuri mbili zifanane. Nikamwambia aweke mkono aone kama samaki wagumu, akasema wagumu, tukashukuru Mungu, nikapanda bodaboda.

Sasa kwa wasiojua, ndani ya Linux kuna vifaa vya kuchungulia kerneli ikiwa inafanya kazi, bila kuizima na bila kuijenga upya. Kuna ftrace, iliingia kwenye toleo la 2.6.27 mwaka 2008, jamaa anaitwa Steven Rostedt ndo baba yake, na kuna kprobe ambayo ni ya zamani zaidi kidogo. Kprobe unaiambia kerneli, kila ukipita kwenye fanksheni fulani (kipande cha programu chenye jina na kazi yake) niandikie kwamba umepita na mkononi ulikuwa umebeba nini. Unaandika mstari mmoja kwenye faili linaloitwa kprobe_events ndani ya /sys/kernel/tracing, unawasha, af unasoma faili la trace. Ukishazoea unashangaa watu wanaishije bila hiki kitu.

Kwenye Pi nilikuwa tayari na skripti yangu ya hivo. Inategea kwenye i2c_transfer, maana sensa yangu inaongea I2C (njia ya waya ya vifaa kuongea na bodi), na inaangalia mzigo wa pili wa hiyo fanksheni (mizigo ni vile vitu fanksheni inavyopewa ikiitwa) kwa sababu hapo mwanzoni ndo kuna anwani ya kifaa kinachoulizwa. Sensa yangu ni 0x48. Nikaikopi skripti kama ilivyo kwenye bodi mpya, nikairusha, nikasubiri dakika, nikafungua trace. Tupu. Nikasubiri tano. Tupu.

Hapo ndo nilipoanza kupotea njia, nikasema kumbe hata fanksheni haiitwi, tatizo liko juu huko kwenye draiva ya bodi (programu inayoendesha vifaa vyake), na nikaanza kumtukana kimoyomoyo aliyeiandika (Mungu anisamehe, hakuwa na kosa hata moja). Siku nzima ya kwanza ilienda kwenye kusoma draiva.

Jioni mshkaji wa Dar akaniandikia, kaka una uhakika tresi yenyewe inafanya kazi kwenye hiyo bodi? Swali zuri. Kerneli inakuja na testi zake, ziko kwenye tools/testing/selftests/ftrace, kuna skripti inaitwa ftracetest na chini yake folda la test.d lina vijifaili vingi vyenye mwisho wa .tc, kila kimoja ni skripti ya shell inayojaribu jambo moja. Nikachukua zile za kerneli ya bodi, 5.15, nikaziendesha. Zinashuka mstari kwa mstari, PASS, PASS, PASS, af mwisho inatoa hesabu: waliopita kadhaa, waliofeli 0. Nikamjibu mshkaji, tresi nzima kaka, waliofeli sifuri. Nikalala nikijua tatizo ni draiva.

Mnaona lakini? Sifuri ya pili hiyo. Na hii nayo sikuiuliza ni ya baridi au ya kufa.

Asubuhi nikiwa nakunywa chai na maandazi nikairudia ile hesabu ya mwisho, safari hii nikaisoma yote. Haiishii kwenye waliopita na waliofeli. Kuna mstari wa UNRESOLVED, kuna UNTESTED, kuna UNSUPPORTED, kuna na XFAIL. Na kwenye UNTESTED kulikuwa na namba. Kupanda juu kutafuta ni zipi, nikakuta zile za kprobe zinazosoma mizigo ya fanksheni, yaani kitu kilekile nilichokuwa nakihitaji mimi. Hazikufeli kwa sababu hazikujaribiwa, basi.

Nikafungua moja, kprobe_args_string.tc, na hapa naomba tukae kidogo maana ni kafaili kafupi ila kana akili. Kanatega kwenye fanksheni ya kerneli inayotengeneza folda ndani ya tracefs (ndo hiyo /sys/kernel/tracing), tracefs_create_dir, na kanasema mzigo wa kwanza usome kama maandishi. Af kanaunda tukio jipya na kulipa jina "test". Ukiunda tukio, kerneli lazima ilitengenezee folda, kwa hiyo itaita ileile fanksheni iliyotegwa ikiwa imebeba neno "test" mkononi, na testi inaangalia tu kama kwenye trace kumeandikwa arg1="test". Mtego unajinasa wenyewe, raha sana. Shida ni kwamba ili usome mzigo wa kwanza inabidi ujue uko rejista gani (rejista ni vijisanduku vya ndani ya prosesa), na hilo kila prosesa ina lake. Kwa hiyo juu ya faili kuna orodha inauliza uname -m, amri inayotaja aina ya prosesa: ukiwa x86_64 soma %di, ukiwa aarch64 soma %x0, arm ya zamani %r0, PowerPC %r3, s390 %r2. Usipokuwemo unakuta mstari wa mwisho unaokuomba kwa Kiingereza cha adabu uongeze prosesa yako hapa, af inatoka na UNTESTED. RISC-V haikuwemo.

Watu wa ziwani hii mtaielewa haraka kuliko watu wa Dar. Dagaa wetu hapa Kigoma ni dagaa. Vuka Bujumbura ukiuliza dagaa utaoneshwa ndagala, na zile enzi Liemba inatembea ukishuka nayo mpaka Mpulungu kule Zambia unakuta wanaita kapenta. Mgebuka ukifika Burundi ni mukeke. Samaki walewale wa ziwa lilelile. Mzigo wa kwanza wa fanksheni ndo hivohivo, upo kila prosesa, ila ukienda bandari ya watu na jina la kwenu utarudi na ndoo tupu na utasema ziwa halina samaki.

Na hapo ndo jasho likanitoka, nikafungua ile skripti yangu ya kwenye Pi. Mstari wenyewe ulikuwa unasema anwani=+0(%x1):x16. Hiyo %x1 ni jina la aarch64, prosesa ya Pi! Kwenye RISC-V kerneli haiijui kabisa. Sasa mbona haikunipigia kelele? Kwa sababu mwisho wa mstari niliweka 2>/dev/null, inayotupa ujumbe wa makosa usionekane, zamani hizo kwa sababu ya ujumbe fulani uliokuwa unanikera kwenye skrini, sikumbuki hata ulikuwa ujumbe gani. Kerneli ilikataa, ikasema imekataa, na mi nilishaiziba mdomo. Trace ilikuwa tupu kwa sababu mtego haukuwahi kutegwa. Siku nzima nasoma draiva ya watu.

Kwa faida ya mtu mwingine, kuna faili linaitwa error_log palepale kwenye tracefs. Nenda kalisome. Linakuonesha amri uliyoandika na chini yake kamshale kanaelekeza herufi iliyokosewa, langu lilikuwa limeandika jina la rejista si sahihi, kamshale kamekaa chini ya %x1, limejaa toka juzi linanisubiri.

Nikasema sawa, kwanza nirekebishe testi, ndo nirudi kwenye friza, maana nisipoiamini rula nitapima nini. Kitabu cha RISC-V kinasema mzigo wa kwanza unapita rejista x10, nikaandika %x10, ikakataa. Kumbe kerneli kwa RISC-V haitumii hizo namba, inatumia majina ya kazi: ra, sp, t0, a0 na kuendelea. x10 jina lake la kazini ni a0. Nikaandika

riscv*) ARG1=%a0 ;;

nikaendesha tena, PASS. Kuna nyingine pacha yake, kprobe_args_syntax.tc, hiyo inataka rejista mbili, moja nzuri na moja mbovu, ili ihakikishe kerneli inakubali nzuri na inakataa mbovu. Nilipenda nilichokiona pale: kwa x86 rejista nzuri ni %ax, kwa ARM %ax hiyohiyo ndo imewekwa kama mfano wa mbovu. Kwa RISC-V nikaweka nzuri %a0 na mbovu %a8, kwa sababu mizigo inaishia a7, kwa hiyo a8 inafanana na kitu cha kweli ila haipo. Mbovu ya kujaribia iwe ya karibu karibu, ukiweka takataka ya wazi hata mlevi ataikataa.

Nikiwa nimejaa kifua nataka niiandae kama mchango nitume kwa wenyewe, nikaona niangalie kwanza kerneli ya karibuni inasemaje. Sikuwa nimeangalia kabla kwa sababu ya bando, kerneli ni mzigo, nilikuwa nimeshusha ile ya bodi tu, tena na --depth 1 bila historia. Nikafungua faili lile kwenye toleo jipya. Mstari wangu upo. Uleule, riscv*) ARG1=%a0. Mtu alishauweka zamani, mi ndo nilikuwa kwenye kerneli ya kale niliyopewa na bodi. Nilicheka peke yangu. Hapa ni mwisho wa reli jamani, vitu vinafika, ila vinafika vimepitia Tabora kwanza.

Sasa kuna atakayesema mbona usitumie $arg1 tu. Kweli, tangu 4.20 kprobe inakubali uandike $arg1, $arg2, na kerneli yenyewe inatafuta rejista ya prosesa husika, ilimradi umetega mwanzoni mwa fanksheni na prosesa iwe inaruhusu. Skripti yangu ya friza sasa hivi ndo inatumia $arg2 na haitajua tena iko kwenye bodi gani. Lakini kwenye testi usifute majina ya rejista ukaweka $arg1 kila mahali ili tu pawe na PASS nyingi, maana kusoma rejista kwa jina nako ni kitu kinachotakiwa kupimwa, ukikiondoa umebaki na testi inayopendeza na haipimi.

Haya, friza. Nikatega upya, anwani ikatokea 0x48 kila dakika kama saa. Kwa hiyo fanksheni ilikuwa inaitwa muda wote, draiva inauliza kama kawaida. Nikaongeza mtego wa kurudi, ule wa r: unaoangalia fanksheni inarudi na jibu gani, $retval:s32, na hii haina ubaguzi, $retval ni $retval kila prosesa. Ikaleta -110. Kila dakika, -110, -110. Maana yake muda umeisha hakuna aliyejibu. (Tahadhari ndogo: hiyo 110 nayo siyo ya dunia nzima, kwenye MIPS, aina nyingine ya prosesa, kosa hilohilo ni 145. Nilisema mtavumilia.)

Muda umeisha, hakuna jibu, sensa nzima, draiva nzima. Kilichobadilika ni nini? Waya! Mita nne za waya wa kuunga. I2C ilibuniwa kwa vitu vilivyokaa kwenye ubao mmoja, waya ukirefuka unakusanya chaji kama tanki, kikomo chake kwenye maelezo ni pikofaradi 400, ukizidi hapo ishara inapanda polepole kama mzee anapanda kilima cha Kasulu na mpokeaji anachoka kusubiri. Nikarudisha sanduku ndani, waya sentimita thelathini. Ikasoma palepale.

Ningeishia hapo ningekuwa mtu mzima mwenye busara, ila kidonda cha UNTESTED kilikuwa bado kinaniwasha, usiku nikaweka QEMU kwenye laptopu nikaanza kuiga prosesa zingine nione wenzangu wanaumia wapi. QEMU ikiiga prosesa ya aina nyingine inaenda polepole, mno, unaweza ukaenda sokoni Mwanga ukarudi mashine bado inawaka. Umeme nao ukakata mara moja, betri ikashika.

PowerPC ndo ilinifurahisha. Kwenye ppc64le fanksheni ina milango miwili. Wa kwanza wanapita wageni wanaotoka moduli zingine, pale kuna maagizo mawili ya kupanga rejista r2 ielekee kwenye jedwali la anwani, kila agizo baiti 4 kwa hiyo jumla 8, baada ya hapo ndo mlango wa wenyeji. Ni nyumba ya Ujiji kabisa, ukikaa barazani unahesabu wageni tu, watoto wa nyumbani wote wanapitia uani na wewe unasema nyumba haina watu. Ukimtajia kerneli jina la fanksheni peke yake anajua kukaa mlango wa uani, ila ukianza kuhesabu baiti mwenyewe ujue unahesabu toka mlango upi. Kuna testi moja inatega mitego 256 kwa mpigo, na juu yake imeandikwa x86 ruka 5, ppc64le ruka 8, wengine 0. Ile 5 ni urefu wa agizo la kuita kwenye x86, ambako maagizo yana urefu wowote toka baiti 1 hadi 15. Namba tatu tu kwenye faili, ila nyuma ya kila moja kuna mtu alikesha.

s390x nilijaribu pia, zile mashine kubwa za IBM, hapo anwani za programu na za kerneli ni dunia mbili tofauti, kwa hiyo ukisoma maandishi ya mtumiaji kwa string ya kawaida si sawa na ustring (ile ya maandishi ya mtumiaji), ambapo kwenye x86 unaweza ukakosea na bado ikakubali. Hiyo sikuimaliza, kulikucha.

Na programu ya friza nimeibadilisha. Sensa isipojibu haiandiki 0 tena, inaandika HAKUNA JIBU, herufi kubwa, na inatuma meseji. Ile 2>/dev/null nimeitoa kwenye kila skripti niliyonayo, zilikuwa kumi na moja, aibu yangu.

Jana mama mdogo kapiga tena.

"Mwanangu, sasa kinaandika kumi na nane. Kumi na nane si joto hilo?"

"Mbele ya kumi na nane hakuna kamstari mama?"

"Kapo. Nilidhani kioo kimechubuka."

Naenda Kibirizi jioni.